Moto Ukishazimwa Lualaba, Nani Anarudi Kuuliza Hali?

Mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, nyasi za Lualaba, jimbo la kusini mwa Kongo, huanza kukauka, na ikifika Agosti uwanda wote kuanzia Fungurume hadi Kasaji na Dilolo unangoja kiberiti tu. Wanaowasha moto wana sababu zao, na karibu zote ni za riziki. Mkulima anasafisha shamba ili mvua zimkute tayari kupanda mahindi. Mwindaji anawatoa panya mashimoni. Mchoma makaa anaacha tanuru likifuka usiku kucha, naye amelala kwa sababu amechoka. Misitu ya miombo imezoea moto tangu enzi na enzi, na mara nyingi unapita tu, unaacha majivu, na wiki chache baadaye majani mapya yanachipua. Agosti 2019, dunia nzima ilipokuwa inaulilia msitu wa Amazon, picha za setilaiti za NASA zilionyesha kwamba ndani ya siku 2 Kongo peke yake ilikuwa na mioto zaidi ya 3,300 na Angola zaidi ya 6,900, wakati Brazil ilikuwa na 2,100 na ushee. Mingi ya mioto hiyo ilikuwa ya mashamba na mbuga, si maafa. Lakini upepo hauombi ruhusa. Siku unapogeuka, moto uliowashwa kwa ajili ya shamba moja unafika kwenye paa la nyasi la mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna aliyewasha.

Mtu aliye mbali akisikia kwamba nyumba ya matofali mabichi imeungua kijijini, huenda akasema hasara ni ndogo: matofali yanafyatuliwa, nyasi zinakatwa, baada ya wiki kadhaa nyumba imesimama tena. Hajaona kilichokuwa ndani. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi ya kulia bukari mpaka mavuno yajayo, na mbegu za kupanda Novemba. Mlikuwa na kopo lenye akiba ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kwa sababu zamu ya mwenye nyumba ilikuwa imefika wiki ile. Mlikuwa na simu, baiskeli ya kubebea makaa, sare za watoto na vyeti vyao vya shule. Tena mlikuwa na kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho pekee walicho nacho. Kadi hiyo ikiungua pamoja na simu, mwenyewe hawezi kusajili laini mpya kwa urahisi, na bila laini hapokei pesa za M-Pesa, Airtel Money wala Orange Money ambazo ndugu yake wa Likasi au Lubumbashi angemtumia jioni ile ile. Moto umemchukulia mali, na hapo hapo umemfungia mlango ambao msaada ungepitia.

Siku chache za kwanza hazina upungufu wa utu, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Majirani wanakuja na ndoo, wanakuja na blanketi, anayeweza anawachukua watoto. Kama kuna aliyekufa, kilio kinawekwa, watu wanalala nje pamoja na wafiwa, daftari la michango linafunguliwa na kila mtu anaandika alichotoa. Kanisa linatuma wamama wake. Katika siku hizo fedha na faraja zinakuja kwa mkono mmoja: yule anayekuletea unga ndiye anayekaa kando yako, akakusikiliza ukilisimulia jambo lile lile mara ya tano. Kisha kilio kinaondolewa, watu wanarudi kwenye shughuli zao, na kuanzia hapo mambo hayo mawili yanatengana. Fedha, kama zitakuja kabisa, zinakuja kwa njia ya ofisi, orodha na mihuri, miezi au miaka baadaye. Faraja inabaki kuwa kazi ya mchungaji na ya bahati. Ninaloshikilia hapa ni kwamba mtengano huo ndio kosa letu kubwa katika kuwasaidia waliounguliwa. Fedha ziletwe mapema na mtu ambaye atarudi, na mtu anayerudi kufariji aje na uwezo wa kutatua shida ya fedha. Kimoja kikienda peke yake, hata hicho kimoja kinapoteza nguvu.

Lualaba ina kisa kinacholithibitisha hilo, ingawa moto wake haukutoka msituni. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa Septemba 2023 na Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la Kolwezi, tarehe 7 Novemba 2016 wanajeshi walikichoma moto kitongoji cha Mukumbi kilichokuwa ndani ya eneo la mradi wa madini wa Mutoshi, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Chemaf. Mtoto wa miaka 2 aliungua vibaya, akabaki na makovu ya maisha. Kampuni imekana kuhusika na imekana kuwaagiza wanajeshi. Wakazi waliandamana, na mwaka 2019, zaidi ya miaka 2 tangu nyumba zigeuke majivu, Chemaf ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kwa kupitia viongozi wa serikali ya mahali. Ripoti inasema baadhi ya waliokuwa wakazi walipata dola 300 tu. Tuache kwanza swali la nani alikosa, ambalo ni la mahakama, tuangalie njia ambayo fedha zilipitia. Katika miaka hiyo 2 familia ilikuwa imeshakopa, imeshahama, watoto wameshakosa mihula ya shule. Dola 300 zinazofika wakati huo zinaingia kwenye madeni na kupotea. Isitoshe, mtu aliyelazimika kuandamana ili aonekane, kisha akapewa bahasha bila kuelezwa hesabu ilipigwa vipi, anapokea fedha hizo kama bei ya kunyamaza. Fidia ya namna hiyo inaongeza uchungu badala ya kuupunguza.

Mukumbi haiko peke yake. Februari 2019 lori lililobeba asidi ya salfa lilipata ajali katika kijiji cha Kabwe karibu na Tenke, na watu wapatao 20 wakafa, wengine wakabaki na majeraha ya kuungua ambayo hayaponi haraka. Juni mwaka huo huo machimbo ya KOV karibu na Kolwezi yaliporomoka juu ya wachimbaji wadogo, na waliokufa wakahesabiwa 43. Katika misiba kama hii viongozi hufika, pole hutolewa, misaada ya mazishi huahidiwa. Baada ya hapo, mjane anayekaa kijiji kilicho mbali na barabara ya Kolwezi anajikuta anasafiri kwa pesa ya kukopa kwenda kuulizia jina lake kwenye orodha. Yule ambaye nyumba yake imechukuliwa na moto wa msitu ana hali mbaya zaidi, kwa sababu hana hata kampuni ya kuidai. Kanuni ya sheria ya kiraia ya Kongo, tangu amri ya mwaka 1888, inasema wazi katika kifungu chake cha 258 kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Lakini utamdai nani? Jirani aliyewasha moto shambani mwake ni maskini kama wewe, pengine ni shemeji yako. Bima nayo haikufika kijijini: kwa miongo mingi SONAS ndiyo kampuni pekee iliyoruhusiwa kuuza bima nchini, na hata baada ya sheria ya mwaka 2015 kufungua soko, nyumba ya paa la nyasi kando ya barabara ya Mutshatsha haimo kwenye hesabu za mtu yeyote.

Je, kuna ushahidi kwamba fedha na faraja zinategemeana, au ni maneno mazuri tu? Upo, na una mvutano ndani yake ambao unafaa kutazamwa kwa utulivu. Nchini Kenya watafiti Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliwalinganisha maelfu ya watu wa vijijini: wengine walipewa fedha taslimu bila masharti, wengine wakapewa mazungumzo ya tiba ya wiki chache, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye, waliopata fedha walikuwa na maisha bora na moyo mwepesi zaidi, lakini mazungumzo peke yake hayakuonyesha mabadiliko ya kupimika. Ukiishia hapo utasema: wape watu pesa, mengine ni anasa. Lakini hapa hapa Kongo, katika Kivu Kusini, utafiti wa Judith Bass na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha jambo jingine kabisa. Wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walikutana kwa vikundi na kufundishwa namna ya kuyakabili mawazo yanayowatesa. Miezi 6 baada ya mafunzo, ni asilimia 9 tu kati yao waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi, wakati kwa wanawake waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42. Na walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa Wakongo wenye miaka michache ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri.

Kwangu mimi tafiti hizi mbili hazipingani, kwa kuwa zinazungumzia maumivu mawili tofauti. Msongo unaoletwa na umaskini, wa kutojua kesho watoto watakula nini, unapungua kesho yenyewe ikipatikana, na hapo fedha ni dawa kamili. Lakini mama aliyemwona mwanawe akiungua, au mzee anayeruka usingizini kila anaposikia harufu ya moshi, ana kidonda ambacho gunia la unga halikifikii. Katika kijiji kilichounguliwa wote wawili wapo, wanakaa nyumba za jirani, na siku ya kwanza wanafanana: wote wanalia, wote hawalali. Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama mara moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watu wasilazimishwe kusimulia yaliyowapata katika kikao kimoja cha haraka mara tu baada ya balaa; kikao hicho hakiwakingi na maradhi ya baadaye. Kinachofaa siku za mwanzo ni usalama, chakula, kukutanishwa na ndugu, na kusikilizwa pale mtu anapotaka mwenyewe kusema. Anayehitaji tiba atajulikana baada ya miezi, na atajulikana tu ikiwa kuna mtu anayerudi.

Australia walijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 7 Februari 2009 moto wa msitu uliwaua watu 173 katika jimbo la Victoria. Michango ya wananchi ilizidi dola milioni 370 za nchi hiyo, lakini serikali ya jimbo haikuishia kugawa hundi. Familia iliyotaka ilipewa mtumishi mmoja wa kuifuata: ndiye aliyejua fomu gani inajazwa wapi, ndiye aliyepiga simu kwenye ofisi kwa niaba yao, ndiye aliyeulizia afya ya baba aliyeacha kuongea. Chuo Kikuu cha Melbourne kiliwafuatilia waathirika kwa miaka 10. Wengi walipona, lakini miaka mingi baadaye sehemu yao isiyo ndogo bado ilikuwa inaumwa rohoni, hasa waliopoteza kipato pamoja na nyumba, na waliokuwa katika vikundi vya jamii zao kwa kawaida walikuwa na hali nafuu kuliko waliojitenga. Sisemi Kolwezi iige Victoria, maana huwezi kuleta bajeti ya nchi tajiri kwa kuitaja tu. Nasema kwamba sehemu ya thamani katika mpango ule, yaani mtu mmoja anayeijua familia na kurudi kwake, ndiyo sehemu isiyohitaji utajiri.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba ukigawa fedha taslimu, kesho yake kijiji kizima kitajidai kimeunguliwa, na aliyepata kweli atazinywea. Udanganyifu upo, lakini unaota gizani. Orodha inayoandikwa ofisini Kolwezi, mbali na macho ya watu, ndiyo inayobeba majina ya marehemu na ya wapwa wa wakubwa. Orodha inayosomwa kwa sauti mbele ya kijiji, nyumba kwa nyumba, chifu akiwepo na wamama wa kanisa wakiwepo, haimezi majina ya uongo kwa urahisi, kwa sababu kila mtu anajua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Kuhusu ulevi, Benki ya Dunia na watafiti wengi wamelichunguza swali hilo katika nchi nyingi maskini, na kwa jumla hawakuona kwamba familia zinazopewa fedha zinaongeza matumizi ya pombe au tumbaku. Ninachokubali ni kwamba jina linaloandikwa lina uzito: mwanamume akiandikwa peke yake kama mkuu wa nyumba, mke wa pili na mama mkwe mjane watabaki mikono mitupu. Basi waandikwe na wao.

Ya pili ni kali zaidi: moto umewashwa na wanakijiji wenyewe, kwa nini walipwe kwa kosa lao? Hoja hii inasahau kwamba aliyewasha na aliyeunguliwa kwa kawaida si mtu mmoja. Inasahau pia kwamba katika miombo moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ni mpole na hupunguza nyasi kavu ambazo zingeulisha moto mkali wa Septemba. Ukimtangaza kila mwasha moto kuwa mhalifu, hakuna atakayewasha mapema mchana akiwa na majirani zake. Atawasha kwa kujificha, akakimbia, na moto ukimshinda hatapiga kelele. Kosa la makusudi liende kwa polisi. Njaa ya watoto waliounguliwa isingoje hukumu.

Ya tatu hutolewa na watu wa dini, nami naiheshimu: sala zinatosha, mambo ya wanasaikolojia ni ya Wazungu. Kwa familia nyingi, kanisa au msikiti ndiyo faraja ya kweli, na hakuna mpango utakaofaulu Lualaba ukiwapita pembeni. Lakini mchungaji anayejua kazi yake anajua pia pale anapoishia. Msichana ambaye miezi 6 baadaye hali, haongei, na anasema anasikia mdogo wake akimwita kutoka kwenye moshi, anahitaji tiba. Hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi katika ukanda huu, kituo cha Dr Joseph Guislain, iko Lubumbashi, safari ya kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi. Nauli, chakula na dawa: hapo faraja imegeuka tena kuwa swali la fedha, na asiyeweza kulijibu atabaki anaombewa tu.

Fedha zitoke wapi? Hapa Lualaba haina haki ya kujitetea kwa umaskini kama majimbo mengine ya nchi. Sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho Machi 2018, iliamuru kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazoizunguka, na fedha hizo zisimamiwe na chombo ambamo wawakilishi wa jamii wamo. Kampuni inayouza shaba na kobalti kwa dola bilioni 1 inatoa dola milioni 3 kwa mwaka. Tena katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya utawala wa mahali, yaani komuni, sekta au eneo la kichifu lenye machimbo. Ni kweli kwamba fedha hizi zimelengwa kwenye maendeleo: shule, visima, zahanati. Lakini njia za kuzuia moto kuzunguka vijiji ni maendeleo. Chumba kwenye kituo cha afya chenye mtu aliyefundishwa kusikiliza ni maendeleo. Na mfuko mdogo wa dharura, wenye kanuni zilizobandikwa ukutani, unaweza kuombwa na wawakilishi wa jamii wakati mpango wa mwaka unaandikwa. Kinachokosekana ni kuomba. Nchi yenyewe imeshakubali msingi huu: sheria ya Desemba 2022 iliyounda FONAREV kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kingono wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu inaweka fidia, matibabu na msaada wa kisaikolojia katika mfuko mmoja, na sehemu ya mrabaha wa madini inaulisha mfuko huo. Aliyeunguliwa na moto wa msitu hayumo katika sheria hiyo, lakini mantiki yake inamhusu.

Kwa hiyo familia iliyounguliwa isingoje mpango ukamilike. Siku ya kwanza au ya pili, chifu wa kijiji au wa mtaa aandike kwa karatasi tarehe, mahali na vitu vilivyoteketea, jina la kila mtu mzima likiwemo, na mashahidi wawili watie saini. Picha za simu zipigwe kabla majivu hayajafagiliwa. Nakala ipelekwe kwenye ofisi ya mambo ya kijamii, nyingine Msalaba Mwekundu au Caritas ya jimbo la Kanisa, na nyingine ibaki kwa ndugu anayekaa mbali na kijiji, ili moto mwingine usiimalize. Kitambulisho kipya kiombwe kabla ya kitu kingine chochote, maana milango mingi inafunguliwa nacho. Ikiwa moto umetokea ndani au kando ya eneo la kampuni, jamii iandike barua ya pamoja badala ya kila mtu kwenda peke yake, na ikatae kusaini karatasi yoyote ya kupokea fedha ambayo haijasomwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Na kikundi cha likelemba, ambacho tayari kina mama wanaojuana, kina daftari na kina siku ya kukutana, kinaweza kumchagua mmoja wao wa kupita kwa waliounguliwa baada ya wiki 2, baada ya mwezi, kisha kabla ya kupanda, na tena msimu wa moto unaofuata, wakati harufu ya moshi inaporudi na wengi wanazidiwa bila kujua kwa nini. Mwanamke huyo alipiwe nauli na muda wa maongezi kutoka kwenye mfuko wa jamii, apewe mafunzo ya siku chache na muuguzi wa kituo, na awe na namba ya mtu wa kumpigia anapokutana na mzigo uliomzidi.